Damu Katika Haja Kubwa



Yako maradhi ambayo mtu huyataja mbele za watu bila haya, kama homa au jino. Lakini aonaye damu aendapo chooni hunyamaza. Mume hamwambii mkewe, wala mzee hamwambii mwanawe, na huenda mwaka mzima ukapita kabla hajafika kwa daktari. Haya hiyo ndiyo iletayo hasara, kwa maana sababu nyingi za damu hiyo hutibika kwa urahisi, na hata ile mbaya kuliko zote hutibika vizuri ikigunduliwa mapema.

Sababu iliyo ya kawaida ni bawasiri. Bawasiri si mdudu wala si uchawi. Ni mishipa ya damu iliyovimba karibu na mlango wa njia ya haja kubwa. Huwapata wenye choo kigumu wanaojikaza sana, na wanawake wenye mimba. Damu yake ni nyekundu safi, na mara nyingi haina maumivu. Yakiwapo maumivu makali, kama ya kukatwa kwa wembe, yaelekea ni mpasuko wa ngozi mahali pale. Yote mawili hupata nafuu kwa kunywa maji mengi, kula mboga, matunda, maharagwe na unga usiokobolewa, na kukalia maji ya vuguvugu. Bawasiri isiyosikia hayo daktari aweza kuifunga kwa kipira kidogo kwenye shina lake. Hunyauka na kuanguka baada ya siku chache. Ile iliyo kubwa sana ndiyo hukatwa.

Lakini wakaao kando ya Ziwa Victoria, au walimao mpunga huko Mwea, wafikiri pia juu ya kichocho cha tumbo. Majini wamo konokono watoao vijidudu vipenyavyo ngozi ya mtu aogaye au alimaye. Vikikua huwa minyoo, hutaga mayai katika mishipa ya utumbo, na mayai hayo hutoka kwa kuujeruhi. Ukoo wa minyoo hiyo uligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo mwaka 1851. Choo hupimwa, na mgonjwa humeza vidonge vya prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake. Akirudi kuoga mle mle, ataugua tena.

Iliyo mbaya kuliko zote ni saratani ya utumbo mpana. Damu ikichanganyika na choo, desturi ya choo ikibadilika kwa majuma kadhaa, au mtu akikonda bila sababu, haifai kumwambia tu kwamba ni bawasiri. Wengi wameambiwa hivyo bila kuangaliwa, hata na matabibu, na hilo ni kosa kubwa. Daktari hupima kwa kidole chenye glavu, jambo la dakika moja, kisha huenda akaingiza mpira mwembamba wenye taa na kamera. Uvimbe ulio mdogo bado hukatwa, na wengi hupona.

Atokwaye na damu nyingi, au aonaye kizunguzungu, asingoje kesho. Vivyo hivyo mwenye choo cheusi kama lami, kwani damu hiyo yatoka juu, tumboni. Ila vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya choo kuwa cheusi, basi amwambie daktari kama anavimeza.