Gwaride la Utambulisho: Kumtambua Mwizi Bila Kumdhulumu Mtu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa na mkalimani mmoja wa Serikali mbele ya wananchi wa Mitunguu, Meru.)



Nawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja kunisikiliza. Najua ya kuwa magari ya wanunuzi wa ndizi yanangoja, na ya kuwa maji ya shambani yana zamu yake, kwa hiyo sitawakalisha sana. Nataka kusema juu ya jambo ambalo watu wengi hulisikia likitajwa mahakamani lakini hawajapata kuelezwa maana yake. Jambo hilo ni gwaride la utambulisho. Hili si gwaride la askari wanaopiga hatua kwa ngoma. Ni mstari wa watu waliosimama kimya, na katika mstari huo shahidi huulizwa kama yumo mtu aliyemwona akitenda kosa.

Natuchukue mfano. Mama mmoja anatoka sokoni jioni na fedha za ndizi zake. Njiani, giza likianza kuingia, mtu asiyemjua anamvamia, anampiga na kumnyang'anya fedha zote. Siku ya nne polisi wanamkamata kijana fulani. Kijana anakana, wala fedha hazikuonekana kwake. Basi shauri lote limebaki katika macho ya yule mama. Gwaride ni mtihani wa macho hayo. Wengi hudhani kwamba anayetahiniwa ni kijana, lakini sivyo. Inayotahiniwa ni kumbukumbu ya shahidi.

Pengine mtu atasema, "Mtu aliyenipiga nitamsahau namna gani?" Neno hilo hutoka moyoni, na anayelisema si mwongo. Lakini wahenga walisema duniani ni wawili wawili, na hofu na giza humfanya mtu aone kidogo na kudhani ameona sana. Huko London mwaka 1896 alifungwa mtu mmoja jina lake Adolf Beck, kwa sababu wanawake kadhaa, mmoja baada ya mwingine, waliapa kwamba ndiye aliyewalaghai. Akatumikia kifungo mpaka mwaka 1901. Mwaka 1904 akashitakiwa tena kwa makosa ya namna ile ile, wanawake wengine wakamtaja, naye akaonekana ana hatia mara ya pili. Kabla hajahukumiwa kifungo, mlaghai mwenyewe akakamatwa. Beck akasamehewa, na aibu ya jambo lile ilikuwa sababu moja kubwa ya Uingereza kuunda Mahakama ya Rufani ya Jinai mwaka 1907. Wanawake wale hawakusema uongo. Walikosea tu, na kukosea kwao kulimla mtu miaka yake.

Msidhani hayo yalikuwa ya zamani tu. Katika Marekani, tangu mwaka 1989, mamia ya wafungwa wameonekana kwa vipimo vya vinasaba kuwa hawakutenda makosa waliyofungiwa. Na katika zaidi ya nusu ya kesi hizo, shahidi aliyeona kwa macho alikuwa amemtaja mtu asiye mwenyewe.

Kwa sababu hiyo sheria imeweka kanuni. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilizieleza mwaka 1936, Mahakama Kuu ya Uganda ikazikariri mwaka 1968, na polisi wa Kenya wamezifuata katika Amri zao za Kudumu. Nitazitaja zile zilizo kubwa.

Kwanza, mtuhumiwa aambiwe kwamba anaweza kuwa na wakili wake au rafiki yake mahali pa gwaride. Pili, afisa anayepeleleza kesi hiyo asiliongoze gwaride, kwa maana mtu aliyekwisha kumshuku mwenzake aweza kumwonyesha shahidi kwa jicho tu bila kutaka. Tatu, mtuhumiwa asimamishwe kati ya watu wasiopungua 8, wanaolingana naye kadiri iwezekanavyo kwa umri, kimo, sura na hali ya maisha. Kama ana kovu au kilema, ifanyike njia kisionekane kuliko vya wengine. Nne, achague mwenyewe mahali pa kusimama, na kila shahidi akiisha kutoka, aweza kubadili mahali pake.

Tano, mashahidi wasimwone mtuhumiwa kabla ya gwaride, wala wasipate nafasi ya kuambiana neno. Sita, shahidi aambiwe kwamba ataona kundi la watu, na huenda mtu aliyemwona yumo, au huenda hayumo. Haifai kumwambia, "Tutolee mwizi wako," kwa maana akisikia hivyo atadhani ni lazima achague. Saba, akitaka kumsikia mtu akisema au kumwona akitembea, afadhali wote waamriwe kusema au kutembea. Nane, akimtambua mtu, amguse. Na mwisho, yote yaandikwe, na mtuhumiwa aulizwe kama ameridhika na namna gwaride lilivyofanywa, na jibu lake liandikwe vile vile.

Sasa mtu aweza kuuliza: kwa nini kumjali hivi mtu anayeshukiwa, hali aliyeibiwa analia? Nitawajibu kwa jambo nililoliona mimi mwenyewe.

Nilikuwa natafsiri katika mahakama moja ambayo sitaitaja. Mzee mmoja aliyeporwa alisimama akaeleza habari zake vizuri, kwa Kimeru safi, nami nikazitafsiri. Akamnyoshea kidole kijana aliyekuwa kizimbani. Kisha wakili akamwuliza, "Mzee, siku ya gwaride kijana huyu alivaa nini?"

Akajibu, "Alikuwa na shati lililochanika, na miguu mitupu."

"Na wale wengine?"

"Wale walivaa viatu."

"Kabla ya gwaride ulikaa wapi?"

"Nilikaa penye benchi, nje. Nikamwona akipitishwa, amefungwa pingu."

Nikayatafsiri maneno hayo, na nilipomaliza nikamwona hakimu akiweka kalamu yake chini. Nikajua kesi imekwisha. Hapakuwa na ushahidi mwingine, na kijana akaachiliwa. Tulipotoka nje mzee akanishika mkono, akaniuliza, "Mwanangu, kwani nimesema uongo?" Nikamwambia, "La, mzee, umesema kweli." Zaidi ya hayo sikuwa na neno la kumpa.

Hata leo sijui kama kijana yule alikuwa mwizi. Ikiwa ndiye, alikwenda zake kwa ajili ya jozi ya viatu na benchi moja. Ikiwa siye, alikaa rumande miezi mingi bure, na mwizi mwenyewe hakutafutwa tena. Kwa vyovyote mzee yule hakupata haki. Gwaride baya humdhulumu aliyeibiwa na anayeshukiwa pamoja, na anayefaidika ni mwizi peke yake.

Basi kuna kazi ya polisi, na kuna kazi yetu sisi raia. Ukivamiwa, nenda kituoni upesi, ukaeleze yule mtu alikuwaje: kimo chake, umri wake, mavazi yake, sauti yake. Hakikisha yameandikwa. Mwaka 1942 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba maelezo hayo ya kwanza ni jambo kubwa sana katika kesi ya namna hii. Eleza pia mwanga ulikuwa wa nini, wa taa au wa mbalamwezi, na ulikuwa mbali gani, kwa maana hakimu atauliza. Kama unamjua mtu huyo, taja jina lake siku ile ile. Hapo gwaride halina kazi, kwani humtambulishi mtu unayemjua.

Ukisikia kwamba mtu amekamatwa, usiende kumchungulia, wala usikubali kuonyeshwa picha yake katika simu ya jirani. Ukisha kumwona hivyo, gwaride lako limeharibika. Usingoje pia umwonyeshe mahakamani kwa mara ya kwanza. Aliye kizimbani amesimama peke yake. Hata mgeni aweza kumnyoshea kidole.

Ukisimama mbele ya mstari na huna hakika, sema, "Sina hakika." Hakuna aibu katika neno hilo, na hakuna askari mwenye haki ya kukukasirikia kwa ajili yake.

Na mwisho, vijana, nawaomba jambo gumu kidogo. Polisi wakiwaomba kusimama pamoja na mtuhumiwa katika mstari, msikimbie. Kusimama pale si kushitakiwa. Shahidi akikugusa kwa kukosea, umesaidia kuonyesha kwamba kumbukumbu yake haikutosha. Mkikataa, afisa atawachukua watu wowote anaowapata, wazee na wafupi, na hapo ndipo haki inapoanza kupotea.

Wazee wetu wa Njuri Ncheke hawakuona ni sawa kukata shauri kwa kusikia upande mmoja. Katiba ya mwaka 2010 imesema vivyo hivyo kwa maneno yake: kila mshitakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba anayo. Kesho mtu aliye katika mstari aweza kuwa mwanao, na aliyesimama mbele yake akitafuta sura ya mwizi aweza kuwa mama yako. Tuwatakie wote wawili gwaride la haki.