Waipa ya boti na haraka zetu abiria

Ndugu msikilizaji, wiki hii naanza kwa kuomba radhi kwa mtu mmoja ambaye huenda ananisikia. Ni nahodha wa boti moja kuukuu iendayo Mafia. Msimu wa masika uliopita nilimpigia kelele mbele ya watu, na kosa lilikuwa langu.

Tulikuwa Nyamisati, abiria kama 20 na mizigo yetu. Maji yalikuwa yamejaa, mvua inanyesha. Nahodha akawasha injini, akabonyeza swichi ya waipa, waipa ikagoma. Akazima injini.

"Hatuondoki," akasema.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwuliza kama boti inakwenda kwa waipa au kwa injini. Wenzangu wakacheka, wakaniunga mkono. Tulijua kwamba maji yakipwa, njia za delta ya Rufiji hupungua kina, na sisi tungelala pale.

Nahodha hakubishana. "Sauti yako naijua, ndugu mtangazaji," akasema. "Njoo ukae hapa, uniambie unaona nini."

Nikaketi penye usukani. Kioo kilikuwa maji matupu, na mikoko ya ng'ambo kivuli tu. Kisha ndani ya kivuli kile ukatokea mtumbwi, mzee mmoja na mtoto wakipiga kasia. Hawakuwa mbali hata hatua 30, nami sikuwa nimewaona. Nikanyamaza.

Fundi alipokuja hakuanza kwa kung'oa mota. Alipima kwanza, kwa balbu ndogo, kama umeme unaifikia. Alisema kwenye boti za zamani mota husingiziwa sana, kumbe kosa ni la fyuzi au la waya ulioliwa na chumvi. Balbu ikawaka vizuri. Basi mgonjwa alikuwa mota kweli.

Akakata umeme wa betri, akatia alama kila waya, akavua mkono wa waipa, kisha akahangaika na nati ya nje iliyogandana kwa chumvi. Mota ilipotoka ilimwaga maji ya kutu. Mpira wa kuzuia maji pale shafti inapopita ukutani ulikuwa umekauka na kupasuka, na maji yalikuwa yakipenya tone kwa tone. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena mota ile ilikuwa ya gari. Fundi akatueleza kwamba ya gari haikutengenezwa kwa maji ya chumvi, na katika boti ya petroli cheche zake zinaweza kuwasha mvuke wa mafuta uliokusanyika ndani.

Mota mpya, ya boti hasa, ya volti 12, nahodha alikuwa nayo ndani ya boksi tangu mwezi uliotangulia. Nikamwuliza kwa nini hakuifunga.

"Nitaifunga lini, ndugu yangu? Kila siku mnasema tuondoke."

Sikuwa na jibu.

Fundi akaweka mpira mpya na gundi ya kuzuia maji. Akaizungusha mota kabla ya kufunga mkono, mpaka ikasimama yenyewe mahali pake pa kupumzikia. Mwisho akamwaga ndoo ya maji kwa nje, akaingia ndani kutazama kama kuna tone linalovuja. Hapakuwa na tone. Lakini bahari nayo haikutungoja. Tulilala Nyamisati, tukaondoka kesho yake mvua ingali inanyesha na waipa ikifuta kioo.

Kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, inataka kila chombo kiwe na uangalizi wakati wote, kwa macho na kwa masikio. Nahodha yule aliitii. Sisi tuliolipa nauli tulitaka aivunje, kisha kama angemgonga yule mzee na mtoto wake, sisi hao hao tungemwita mzembe.

Hivyo, ndugu msikilizaji, siku nahodha akikwambia hatuondoki, mwulize kuna nini, kisha mwache afanye kazi yake. Nawe nahodha wa Nyamisati, niwie radhi.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.