Jahazi la Kukodi Lisilotweka Tanga

Msikilizaji, ukinunua tokeni usiku wa leo, usikimbilie mita. Soma kwanza ule ujumbe ulioingia kwenye simu. Mbali na bei ya umeme utaona tozo ya mafuta, kisha tozo ya fedha za kigeni. Hiyo ya pili ndiyo hunirudisha Lamu, kwenye mtambo wa umeme ambao haukujengwa.

Pale Kwasasi, kampuni ya Amu Power ilikusudia kuchoma makaa ya mawe ipate megawati 1,050. Gharama yake ilikuwa takriban dola bilioni 2, nyingi zikiwa za mkopo, na Benki ya Viwanda na Biashara ya China ikitajwa mstari wa mbele. Makaa yangeanza kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Mkopo wa dola, makaa ya dola, na mlipaji wa mwisho ni mama muuza mahamri mwenye tokeni ya shilingi 100.

Wengi walizungumzia moshi, na walikuwa na haki: kuna mikoko pale, kuna wavuvi, kuna mji mkongwe ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2001. Mimi kilichoninyima usingizi ni mkataba. Kwa miaka 25 mtambo ungelipwa kwa kukaa tayari tu, uwake usiwake. Ni kukodi jahazi robo karne: nahodha kalala, tanga limekunjwa, na kodi ya leo iko palepale. Nchi nzima wakati huo, hata saa za jioni kila mtu anapowasha taa, haikufikisha matumizi ya megawati 2,000.

Na msidhani ni ugonjwa wa makaa peke yake. Mtambo wa upepo wa Turkana nao tulitozwa kabla nyaya za kusafirisha umeme wake hazijafika.

Juni 26, 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa Lamu iliyotolewa 2016. Sababu: wananchi waliitwa mikutanoni kabla ripoti ya athari kwa mazingira haijakamilika. Ilipokamilika hawakuulizwa ipasavyo. Yaani unaambiwa uonje mchuzi, nyama bado iko buchani.

Siku hizi nasikia watu wakisema Beijing ndiyo iliyotuokoa. Wahesabu tarehe upya. Benki ile ilijitoa Novemba 2020. Rais Xi Jinping aliuambia Umoja wa Mataifa Septemba 2021 kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake. Watu wa Lamu walikuwa wameshashinda kesi yao kwenye jopo lile zamani, na wengine wao wanaishi kwa nyavu na madema.

Sasa wizara ya kawi inijibu hili moja: mkataba ujao wa kununua umeme, uwe wa jua au wa mvuke, yule mama wa mahamri atasomewa kwa Kiswahili kabla ya sahihi, au ataukuta kwenye tokeni?