Mstari wa Ramani Sio Mpaka wa Hatari



Aprili 2021 Kimbunga Jobo kilidhoofika kabla ya kufika pwani yetu. Mei 4, 2024 Kimbunga Hidaya kilitua Mafia, kiasi cha kilomita 300 kusini mwa Tanga. Tukasikia maneno: Mamlaka ya Hali ya Hewa imetutisha bure.

Sivyo. Mstari unaochorwa kwenye ramani ni njia inayotazamiwa ya kitovu tu, nayo huweza kubadilika. Upepo, mawimbi na mvua hufika mbali pembeni yake. Jirani zetu wa Zanzibar walipigwa Aprili 1872. Vyombo vilizama na mikarafuu iking'oka.

Hivyo kila usharika wa pwani, kuanzia Moa hadi Pangani, uchague mtu wa kufuatilia taarifa, na mahali pa juu pa kuwahifadhi watu wote, Wakristo kwa Waislamu.

Lakini mvuvi akikaa nchi kavu siku tatu, watoto wake watakula nini? Wafadhili wetu, akiba ya unga na maharage kwa siku hizo ndiyo itakayofanya onyo litiiwe.