Nionyeshe Soko



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu na dada zangu katika Uislamu, nimepewa dakika chache kuzungumza na vijana wenzangu kuhusu kujitegemea na kujiamini. Nitaanza na swali. Hebu jiulize: leo simu ya mjomba aliyeko Arabuni isipopatikana, na mzee nyumbani akasema hana, wewe una nini mkononi?

Wengi wetu tukiulizwa hivyo twacheka, lakini ni kicheko cha kuficha. Kijana amemaliza fomu foo, mwengine amemaliza chuo kikuu, na yuko maskani tangu Adhuhuri hadi Magharibi. Ukimuuliza, "Vipi, wafanya nini siku hizi?" atakwambia, "Namngoja fulani anishike mkono." Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, bado angoja. Na kila mwaka unaopita yeye azidi kuogopa, mpaka siku akiitwa mahojiano ya kazi hata sauti haimtoki. Umaskini wa mfukoni watu wauona. Huu wa moyoni wamla mtu ndani kwa ndani, na hakuna anayejua.

Sasa nisikilize kisa kimoja. Mwaka wa 622 Waislamu walipohama Makka kwenda Madina, waliacha nyumba zao na mali zao nyuma. Mmoja wao alikuwa Abdurrahman bin Auf (R.A.). Alikuwa mfanyabiashara, akafika Madina mikono mitupu. Mtume (S.A.W.) akamuunga udugu na Saad bin Rabii (R.A.), mmoja wa matajiri wa Ansar. Saad akamwambia achukue nusu ya mali yake. Si mkopo, ndugu zangu, ni nusu ya mali, bure! Hata akawa tayari kumwacha mmoja wa wake zake wawili ili nduguye amuoe. Abdurrahman akamwombea Mungu ambarikie mali yake na ahli zake, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko liko wapi.

Akaonyeshwa soko la Bani Qaynuqaa. Akaenda, akarudi na samli na maziwa makavu aliyopata kwa faida. Kesho yake akaenda tena. Haukupita muda mrefu, Mtume (S.A.W.) akamwona ana alama ya manukato ya harusi. Alipomuuliza, akajibu kuwa ameoa mwanamke wa Kiansari, na mahari yake ni dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Mtume akamwambia afanye walima, japo kwa kondoo mmoja. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari.

Angalia vizuri hapo. Kuna vijana wakisikia neno kujitegemea, wao hudhani ni kununa, kutomuuliza mtu wala kumsikiza mtu. La! Abdurrahman aliuliza. Alikuwa mgeni, njia ya soko haijui, na hakuona haya kusema. Alichokataa ni kubebwa. Yuko anayesema "nionyeshe", na yuko anayesema "nipe". Wa kwanza ukimwonyesha mara moja, kesho aenda mwenyewe. Wa pili kesho utamwona mlangoni tena.

Na wala sisemi kupokea ni aibu. Zaka ni haki ya fukara na maskini, Allah mwenyewe amewawekea. Mgonjwa, yatima, mzee asiyejiweza, hao tuna wajibu nao. Mimi nazungumza na wewe mwenye miguu miwili, macho mawili na afya ya kucheza mpira kila Alasiri.

Utaniuliza, je, huo moyo Abdurrahman aliutoa wapi, na mfuko ulikuwa mtupu? Alikuwa na vitu viwili. Kwanza, kazi yake aliijua. Mali yaliachwa Makka lakini ujuzi wa biashara alikuja nao kichwani. Pili, alijua kuwa riziki yake iko kwa Allah, haiko kwa Saad. Mtu mwenye mawili haya haringi akipata wala havunjiki akikosa. Baadaye Abdurrahman alitajirika sana. Siku moja amefunga, akaletewa chakula. Akamkumbuka Musab bin Umayr (R.A.) aliyeuawa shahidi Uhud, akasema Musab alikuwa bora kuliko yeye, na sanda yake ilikuwa nguo moja fupi, ukifunika kichwa miguu yabaki wazi. Akalia mpaka akakiacha chakula. Huyo ndiye mtu anayejiamini. Kujiamini kwenye kiburi ni koti la kuazima.

Ndugu yangu, usiniambie kuwa wewe huwezi. Wewe umefunga leo. Saa nane mchana, jua kali, koo imekauka, umeingia kutawadha. Maji umeshayatia kinywani. Mlango umefungwa, hakuna akuonaye ila Mola wako. Na bado wayatema! Mtu aliyeweza kuitawala nafsi yake peke yake, mlango umefungwa, atashindwaje kuamka Alfajiri kwenda kujifunza useremala? Nguvu unazo. Wazitumia mwezi mmoja, kisha Idi ikiisha wazirudisha kabatini pamoja na kanzu.

Dada zangu, msidhani maneno haya ni ya wanaume pekee. Mama yetu Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara. Mama yetu Zaynab binti Jahsh (R.A.) alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, na anachopata akikitoa sadaka. Basi wewe unayekaanga kaimati na viazi vya karai kuuza kabla ya futari, usiinamishe kichwa wenzako wa shule wakipita. Una Zaynab mbele yako.

Na wazee wetu, kwa adabu, nanyi mna fungu lenu. Mtume (S.A.W.) alimpa Usama bin Zayd (R.A.) uongozi wa jeshi, naye ni kijana mdogo, na ndani yake mna Maswahaba wakubwa. Watu waliposema, Mtume alimtetea. Sisi twamwambia mtoto, "Wewe hutaweza, wacha nikufanyie," miaka ishirini, kisha twamlaumu hawezi kitu. Mpeni mtoto pesa za sokoni, akikosea hesabu mrekebisheni, kesho mtumeni tena.

Basi, kijana mwenzangu, kabla mwezi huu haujaondoka fanya mambo matatu. Kwanza, tafuta kitu kimoja unachofanyiwa kila siku, iwe ni kufuliwa nguo au kuamshwa daku, ukifanye mwenyewe. Pili, mwendee fundi mmoja, fundi umeme, fundi cherehani, fundi simu, umwambie, "Mwalimu, nionyeshe." Usianze kwa kuuliza atakulipa ngapi. Tatu, kabla ya kumwandikia mtu ujumbe wa "nitumie kitu kidogo", iweke simu chini, uswali rakaa mbili, kisha ujiulize kama mlango wa kazi umeshaubisha au bado. Wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini lazima ushuke upwani!

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah na unyonge, uvivu na mzigo wa deni. Basi usiku huu baada ya tarawehe, wewe nawe omba hivyo. Na asubuhi ukiamka, muulize mtu njia ya soko.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.