Mashine Ipime Kazi, Isimpime Mfanyakazi

Mada kwa semina ya waajiri, wasimamizi na wawakilishi wa wafanyakazi, Mfaranyaki, Songea



Tukitaja hatari za kazini hapa Ruvuma, wengi tunafikiria vumbi la makaa ya mawe ya Ngaka au mgongo wa mbeba magunia ya mahindi. Hizo mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, akija anaziona. Zipo zisizoonekana: zamu zisizo na mapumziko, matusi ya bosi mbele ya wateja, mshahara usiojulikana utatoka lini, dereva wa lori kuhimizwa awahi Bandari ya Mtwara, safari ya zaidi ya kilomita 600 kutoka Songea. Hivyo ndivyo vihatarishi vya kisaikolojia na kijamii. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yanakadiria kuwa dunia hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi.

Sasa inakuja akili unde. Zipo programu zinazodai kusoma uso wa mfanyakazi kwenye kamera na kusema ana hasira au huzuni. Nyingine hupekua jumbe zake. Msimamo wangu ni kwamba tusizinunue. Mtu anayejua uso wake unapimwa mchana kutwa anaongezewa mzigo uleule tunaotaka kumtua.

Badala yake, tuanzie kwenye daftari la zamu. Chukua la nyumba ya wageni yoyote mtaani kwetu: mhudumu yuleyule anaingia usiku Jumatatu, Jumanne na Jumatano, halafu Alhamisi asubuhi pembeni ya jina lake kumeandikwa kwa peni nyingine, "anashikilia". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Hiyo "anashikilia" imeyala mapumziko hayo, na hakuna aliyeshtuka. Programu inayosoma picha ya daftari iliyopigwa kwa simu inaweza kujumlisha saa, ikaonyesha nani hajapumzika, na ikalinganisha zamu hizo na utoro, makosa ya hesabu na watu kuacha kazi. Mwandiko ukiwa mbaya itakosea, kwa hiyo msimamizi na mwakilishi wa wafanyakazi wahakiki pamoja. Kisha mwajiri aongeze mtu au apange zamu upya. Hilo mashine haimfanyii.

Mfano wa kupima kazi bila kumpima mtu tunao barabarani. Kifaa cha VTS cha LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, kwenye basi hufuatilia mwendo wa gari, hakiulizi dereva ameamkaje nyumbani kwake.

Jambo linaloniumiza zaidi ni siri. Dodoso lisilo na majina linafaa kiwanda cha watu 500. Kwenye duka la dawa lenye watu sita, na mwanamke mmoja tu anayefanya usiku, dodoso likijibiwa "nanyanyaswa usiku", aliyejibu anajulikana kabla chai haijapoa. Sehemu ndogo kama zetu zikusanye majibu kwa pamoja, sehemu kadhaa za kazi katika fungu moja, na msimamizi asipewe jibu la mtu mmoja mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inampa mtu haki ya kupinga uamuzi uliofanywa na mashine pekee.

Tukumbuke pia akili unde yenyewe imewaumiza wenzetu. Mwaka 2021 vijana wa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, walisoma maandishi ya ukatili wa kutisha ili programu za OpenAI zijifunze kuyakwepa, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa. Kazi jirani na hiyo, ya kuchuja maudhui ya Facebook, nayo iliumiza: mwishoni mwa 2024, katika kesi dhidi ya Sama na mwenye Facebook, ripoti za daktari zilionyesha zaidi ya wachuja maudhui 140 walikuwa na maradhi ya kiwewe.

Naomba kila mwajiri aliyepo hapa afungue daftari lake la zamu wiki hii, akiwa na mwakilishi wa wafanyakazi, wahesabu saa za mwezi uliopita kabla hajalipia programu yoyote. Na kama ataweka kamera, wafanyakazi waambiwe kwanza inatazama nini na nani anaiona.