Bayi, Simbu na Kipimo cha Ushindi

Ushindi wa ubingwa, kwa maana inayotumika katika maoni haya, ni ule unaopatikana katika mashindano ambamo wanariadha wa mataifa mbalimbali hukutana siku moja, katika njia moja na chini ya jua lile lile, na ambamo cheo hupewa anayetangulia kufika, hata kama muda wake ni mrefu kuliko ule uliowahi kukimbiwa na wengine kwingineko. Mwenye kutafuta rekodi hushindana na walio hai na waliokufa. Mwenye kutafuta ubingwa hushindana na waliosimama naye mstarini. Wanaume wa Tanzania wameupata ushindi wa namna hiyo mara chache, na tangu Alphonce Simbu aliponyakua dhahabu ya marathoni ya ubingwa wa dunia mwezi Septemba 2025, swali la kuulinganisha ushindi wake na ule wa Filbert Bayi wa mwaka 1974 limekuwa halikwepeki.

Kuna michezo ambamo ulinganishaji wa aina hiyo ni sehemu ya mchezo wenyewe. Katika mchezo wa kuteleza kwa madaha juu ya barafu, ambao wasikilizaji wengi wa redio hii mkoani Songwe wameuona kwenye skrini tu, mshindi hapimwi kwa saa bali kwa alama za waamuzi, wanaotazama ugumu wa miruko na unadhifu wa utekelezaji wake. Katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver mwaka 2010, Mmarekani Evan Lysacek alipata alama 257.67 na kumshinda Mrusi Evgeni Plushenko aliyepata 256.36, ingawa Plushenko aliruka mruko wa kujizungusha mara nne hewani na Lysacek hakuujaribu kabisa. Ubishi uliofuata, wa kama dhahabu ni ya aliyethubutu au ni ya aliyetenda bila dosari, haujapata mwisho hadi leo. Riadha huuepuka ubishi huo kwa siku yenyewe, kwa sababu mstari wa kumalizia hauna upendeleo, lakini mara mashindano mawili ya miaka tofauti yanapowekwa pamoja, mstari haupo tena na kila anayelinganisha anageuka kuwa mwamuzi, apende asipende.

Mbio za kwanza zinazostahili kupimwa ni fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, iliyofanyika Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Bayi, kijana wa miaka 20 mwenye asili ya Karatu, alikuwa mbele ya kundi lenye John Walker, mwenyeji aliyeshangiliwa na uwanja mzima, Rod Dixon, pamoja na Ben Jipcho wa Kenya, ambaye katika michezo hiyo hiyo alitwaa dhahabu ya mita 5,000 na ile ya mbio za kuruka viunzi na maji. Desturi ya mbio za kati katika fainali kubwa ilikuwa ni kuviziana: wakimbiaji hukimbia na kundi kwa raundi mbili au tatu, kila mmoja akimchunga mwenzake, kisha mwenye mchomoko mkali wa mwisho hujichukulia ushindi. Bayi aliikataa desturi hiyo tangu mlio wa bastola. Alipofika mita 800 saa ilisoma dakika 1 na sekunde 52.2, naye alikuwa amewaacha waliomfuata kwa karibu mita 20, bila mwekaji kasi, yaani mkimbiaji anayelipwa kutangulia ili wengine wafuate mwendo wake na kisha ajitoe.

Udhaifu wa mbinu hiyo unajulikana na kila aliyewahi kukimbia, kwani anayetangulia hukata upepo peke yake, haoni anayemjia, na mwili humdai deni katika mita 200 za mwisho, ambapo Walker kweli alikuja kwa nguvu. Bayi hakupitwa. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani ya dakika 3 na sekunde 33.1, iliyokuwa imedumu tangu 1967. Walker, aliyeshindwa, alikimbia kwa dakika 3 na sekunde 32.52, maana yake naye aliishinda rekodi ya zamani na bado akaondoka na fedha. Rekodi ya Bayi ilikaa hadi Agosti 1979, ilipopunguzwa na Mwingereza Sebastian Coe kwa sehemu ndogo tu ya sekunde.

Inafaa kukumbukwa kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990, kwa hiyo ushindi huo uliufikia mji wa mpakani wa Tunduma kwa njia ya redio na magazeti. Ushindi unaosikika bila kuonekana una tabia ya kukua masimulizini, na mtafiti mwangalifu angeweza kudai kwamba sifa za Bayi zimenenepeshwa na redio hiyo hiyo inayosoma maoni haya. Lakini takwimu zilizotajwa hapo juu hazikutungwa na mtangazaji, na ndizo zinazomfanya Bayi awe vigumu kushushwa.

Mbio za pili zilikimbiwa Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, nazo zilimalizika kabla ya alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki. Marathoni ni kilomita 42.195; mtu akiianza mpakani Tunduma na kuifuata barabara kuu ya Mbeya, anaipita Vwawa akiwa bado na kilomita kadhaa za kukimbia. Baada ya umbali wote huo, Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani wakiwa karibu, Petros akatangulia katika mnyoosho wa mwisho, na Simbu, mwanajeshi wa JWTZ aliyetoka Singida, akamfikia penye mstari wenyewe huku Petros akianguka chini. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ilibidi picha ya mstari wa kumalizia, ile inayopigwa na kamera ya kasi kubwa ili kuonyesha ni kifua cha nani kilichotangulia, itumike kuthibitisha kwamba Mtanzania alishinda kwa sekunde 0.03. Kwa mwendo wa watu wanaochomoka, muda huo ni kama sentimita 20. Katika mashindano yale yale fainali ya wanaume ya mita 100 iliamuliwa kwa sekunde 0.05, kwa hiyo mbio za zaidi ya saa mbili zilikuwa za kubanana kuliko mbio za sekunde kumi, na Simbu mwenyewe hakujua kuwa ameshinda hadi alipoliona jina lake juu kwenye skrini ya uwanja. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo, yaliyoanza Helsinki mwaka 1983.

Mshindi huyo hakuibuka ghafla. Alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, na Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston, pale pia kwa kuchomoka mwishoni. Subira yake, basi, isichukuliwe kuwa ni uvivu wa kutangulia. Ni mbinu iliyofanyiwa kazi kwa miaka, na katika joto la Tokyo ndiyo iliyokuwa na akili zaidi.

Katikati ya ncha hizo mbili kuna ushindi mwingine unaotajwa kwa uchache kuliko unavyostahili. Gidamis Shahanga alitwaa marathoni ya Jumuiya ya Madola Edmonton mwaka 1978 akiwa hajulikani, akimwacha Mkanada Jerome Drayton mbele ya watu wake, na miaka minne baadaye akachukua dhahabu ya mita 10,000 Brisbane. Francis Naali mwaka 2002 na Samson Ramadhani mwaka 2006 walishinda marathoni ya michezo hiyo hiyo, na Fabiano Joseph akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005, tena Edmonton.

Ikiwa kipimo ni uzito wa cheo, Simbu yuko juu ya washindi wote wa Jumuiya ya Madola, kwa sababu michezo hiyo haiwakusanyi Waethiopia, Wamoroko wala Wajerumani, ilhali ubingwa wa dunia huwakusanya wote. Bayi, katika miaka ya ubora wake, hakupewa nafasi ya kukikwea cheo hicho: mashindano ya dunia hayakuwapo, na Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, ambako Walker alipata dhahabu ya mita 1,500, Tanzania iliisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika kupinga ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Lakini kipimo kinachofaa zaidi ni kuuliza ni kiasi gani cha mbio kilitengenezwa na mshindi mwenyewe, na hapo Christchurch haina mpinzani. Tokyo, mbio zilitengenezwa na kundi na Simbu akazimaliza. Christchurch, kila aliyekimbia vizuri siku ile alikimbia hivyo kwa sababu Bayi alimlazimisha.

Kipimo hicho kina gharama yake, na gharama hiyo inaonekana Brisbane mwaka 1982, ambako Mtanzania Juma Ikangaa, akiwa pamoja na Shahanga aliyekuwa na dhahabu ya mita 10,000 tayari mkononi, alijitenga mapema katika marathoni na kuwaacha wengine mbali sana, hadi Robert de Castella wa Australia alipomfuata kidogo kidogo, akamkuta, wakapokonyana uongozi katika kilomita za mwisho, na mwenyeji akashinda kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 18 dhidi ya saa 2, dakika 9 na sekunde 30. Ikangaa alitumia mbinu ya Bayi kwa umbali mara 28 zaidi na akakosa sekunde 12. Kwa maana ya ubingwa iliyowekwa mwanzoni, mbio zake haziwezi kuingizwa katika hesabu hii, ingawa dhahabu ya de Castella haielezeki bila yeye.